Jirani Mwema na Daftari Lake

Ukigusa suala la siri ya mgonjwa popote Eastlands, jijini Nairobi, kuanzia kikao cha kituo cha afya Dandora hadi foleni ya maji Kayole, utajibiwa upesi: "Hapa mtaani hatufichani." Anayejibu huona fahari. Wenye kufichana ni watu wa Runda na Karen, waliozungushia nyumba zao kuta na nyaya za stima. Sisi huku tunaishi kama ndugu, ugonjwa wa mmoja ni wa wote. Nimeyasikia maneno haya kwa wahubiri, kwa wazee wa ulinzi wa Nyumba Kumi, kwa maofisa wa kaunti, na kwa waandishi wenzangu ambao hawajalala kwenye ploti tangu walipopata kazi ya mshahara.

Tuiweke hoja yao kwa haki, maana si ya kipumbavu. Wanasema hivi: kumfuatilia mgonjwa hadi nyumbani, kujua kama amemeza dawa, kama amerudi kliniki, kama mjamzito amepimwa, kama bili imelipwa, ni kazi ya utu, na anayeiweza ni jirani. Jirani ndiye anayejua nani amefungiwa nyumba na landilodi na nani anameza dawa kali bila kula. Miaka ambayo wadi zilijaa wagonjwa wa Ukimwi, wawili kitanda kimoja, na jamaa zao wakiogopa hata kuwagusa, wanawake wa Mathare na Korogocho ndio waliowaosha na kuwapikia uji. Hawakuwa na fomu ya ridhaa wala sheria ya kulinda data. Kwa hiyo, wanahitimisha, maadili ya kazi hii ni roho nzuri. Tafuta watu wenye huruma, wape aproni na begi, wapeleke semina ya siku mbili, basi. Mambo ya siri, ridhaa, mipaka ya kazi na mahali pa kulalamika ni anasa ya hospitali za Upper Hill, ambako mgonjwa ana chumba chake na mlango wake.

Mawazo haya hayakubaki mtaani. Tarehe 25 Septemba 2023 Rais William Ruto aliwazindua rasmi Uhuru Park wahudumu wa afya ya jamii, wale tunaowaita CHP, zaidi ya 100,000 nchi nzima. Walipewa mabegi yenye vifaa: kipimajoto, mashine ya presha, kipima sukari, mizani. Walipewa na simu za kuandikia habari za kila nyumba. Vifaa vyote viliorodheshwa kimoja kimoja. Mgonjwa atakayeumizwa na mwenye begi aende kwa nani, hilo halikupata mfuko wake humo ndani.

Sina ugomvi na huruma. Nagombana na wanaoifanya huruma kuwa mfumo mzima, kwa sababu gharama za mfumo huo hulipwa na yule asiyeweza kuukataa. Nichukue madai yao moja baada ya jingine.

Kwanza: "Hapa hatufichani"

Chukua ploti ya kawaida Huruma au Pipeline. Korido nyembamba, milango inayotazamana, bomba moja, choo cha pamoja, na mchana kutwa pazia ndilo mlango. Mhudumu anaingia na aproni yake. Kwenye mlango wa tano anasimama. "Mama Brian, uko? Ile dawa ulienda kuchukua?" Ugonjwa hakuutaja, na hana haja ya kuutaja. Redio ya jirani inapunguzwa sauti. Aliyekuwa akifua anaacha kusugua. Mama Brian anajibu "ee, nilienda" kwa sauti ya mtu anayejibu askari. Kufikia jioni msimamizi wa ploti ana habari, ingawa hajui kama ni dawa ya TB, ARV au ya presha. Sehemu iliyobaki ataijaza mwenyewe.

Sasa ifuate habari hiyo inakokwenda. Siri ya mtu wa Runda ikivuja huishia kwa mlinzi na mpishi, watu aliowaajiri yeye. Siri ya Mama Brian inapanda juu: kwa landilodi anayeweza kumwambia atafute nyumba kwingine, kwa mama wa Buruburu anayempa kazi ya kufua Jumanne na Ijumaa, kwa mweka hazina wa chama anayeamua nani akopeshwe, kwa mama mkwe. Kadiri watu wanavyobanana ndivyo siri inavyopanda bei. Wanaosema ukaribu umeifuta thamani ya siri wameishika hesabu kichwa chini, miguu juu.

Wenyeji wenyewe waliijibu hoja hii zamani, na waliijibu kwa nauli. Mtu anaishi Kariobangi, kituo cha afya kiko mwendo wa dakika chache, lakini dawa zake za ARV anazifuata ng'ambo ya jiji, matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Akifika nyumbani anavitoa vidonge kwenye kichupa chake na kuvifunga kwingine, kwa sababu kichupa kile kikitikiswa kinalia, na mlio wake unajulikana. Kama hapa hatufichani, huyu anamkimbia nani?

Tazama pia ni nani anayeruhusiwa kuficha. Mwanasiasa akiugua tunaambiwa amekwenda ng'ambo kwa uchunguzi wa kawaida, na atakayedadisi zaidi anaambiwa aheshimu faragha ya familia. Akirudi, mwanasiasa yuyo huyo atakuja Mukuru kwa Njenga kugawa aproni na kuwasifu wananchi kwa kuishi bila kufichana.

Nia njema si ngao. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi. Lengo lililotajwa lilikuwa zuri: dawa na huduma ziwafikie. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilivunja haki ya faragha na kwenda kinyume na maslahi ya watoto. Ikaamuru yaliyokusanywa yahifadhiwe kwa namna isiyounganisha jina la mtu na hali yake. Agizo la Rais lilishindwa kupita mlango wa mahakama. Daftari la mhudumu wa ploti limeupitaje?

Nitaongeza neno moja kando. Kila anayekwepa mwenye daftari huitwa mjinga au mshamba. Lakini Pumwani ilijengwa miaka ya mwanzo ya 1920 kama mtaa wa Waafrika, enzi za kipande, cheti ambacho Mwafrika alitembea nacho shingoni na kuulizwa na kila askari. Mitaa ya jirani iliyofuata, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, ilizaliwa chini ya macho yale yale ya wakaguzi. Watu wa huku wamehesabiwa na kuandikwa muda mrefu, na mara nyingi aliyekuja kuwaandika alikuja kuwahamisha. Anayeuliza "unaandika ya nini?" ana kumbukumbu tu.

Pili: "Kujitolea ni wito"

Mhudumu wa afya ya jamii amepangiwa nyumba 100 hivi. Kwa kazi hiyo aliahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Fedha hizo zimekuwa zikichelewa, na katika kaunti kadhaa wahudumu wameandamana kuzidai. Hata zikifika kwa wakati, zigawanye: shilingi 50 kwa nyumba kwa mwezi, chini ya nauli ya kwenda tu kuipeleka taarifa ya nyumba hiyo mjini asubuhi yenye mvua.

Tunaambiwa tusiulize. Ukiweka mshahara wa kweli utaua moyo wa kujitolea na kuleta wachumia tumbo. Inashangaza jinsi nadharia hii isivyowahi kujaribiwa Bungeni. Sijasikia mbunge akiambiwa marupurupu yataharibu wito wake.

Asiyelipwa na mwenye kazi atalipwa na mwingine. Hapo ndipo maadili yanapoingia, na ndipo wapenzi wa wito wanapogeuza nyuso. Mwenye kemisti kwenye kona anampa mhudumu ya chai kwa kila mteja anayemletea. Maabara ya ghorofa ya kwanza nayo haina ubahili. Kliniki ya kujifungulia isiyo na chumba cha upasuaji ina bei yake kwa kila mjamzito. Mradi fulani unalipa kwa majina, na majina yanapatikana. Msimu wa kampeni ukifika, mgombea anataka kujua nyumba gani zina wagonjwa ili "awasaidie". Hakuna ubaya wa moyo hapa unaohitaji kuhubiriwa. Mwanamke mwenye watoto watatu na kodi ya chumba amefanya hesabu ambayo wewe na mimi tungeifanya.

Anayelipia hesabu hiyo ni mjamzito. Ameandikiwa fomu ya rufaa, MOH 100, rasmi kabisa, au ameelekezwa kwa mdomo tu, kwenda mahali ambapo uchungu ukikwama saa nane usiku ataanza kutafutiwa gari la kumkimbiza hospitali ya Pumwani au ya Mama Lucy. Hajui kwamba ushauri aliopewa ulikuwa na mdhamini. Ajueje? Jirani yake mwema ndiye aliyemwambia.

Na jirani huyo ana kofia nyingi. Ni yeye yule mzee wa Nyumba Kumi, katibu wa chama, mwimbaji wa kwaya, na pengine ndiye anayemkusanyia landilodi kodi. Sifa hizi husomwa kama ushahidi kwamba jamii inamwamini. Zisome tena ukiwa wewe ndiye mwenye kisonono, au mke unayepigwa na mumeo, ambaye ni shemasi mwenzake.

Tatu: "Anayesaidiwa haulizwi"

Hii nitaipita haraka, kwa kuwa inajiangusha yenyewe.

Oktoba 1, 2024, bima ya afya ya taifa, NHIF, iliiachia SHA nafasi yake. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi, yaani watu wengi wa Eastlands, anaulizwa maswali kuhusu maisha yake: kuta za nyumba ni za nini, paa je, unapikia nini, choo ni cha aina gani. Majibu yanaingia kwenye mashine, mashine inatoa kiwango cha mchango, nacho hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Halafu mama mboga, ambaye hununua hata mafuta ya kupikia kwa kipimo, akatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Na wahudumu wa afya ya jamii wakatiwa mbioni kuandikisha watu. Yule aliyekuja wiki jana kumpima mtoto uzito, akakaribishwa chai, leo anauliza kuhusu jiko la gesi. Mama anajibu kwa uwazi, kama anavyojibiwa mtu wa afya. Kila jibu lina bei na hakuambiwa. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa apewe maelezo na kukubali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na inataka mtu ajue zinachukuliwa kwa nini na zitakwenda kwa nani. Mlangoni sheria hizi mbili hufupishwa kuwa: "Mama, leta kitambulisho, ni kwa faida yako."

Wanaotetea njia hii hudai kwamba mtu maskini hana muda wa maelezo marefu. Watu hao hao hulalamika kwamba wananchi "hawana mwamko" pale mama anapoanza kudanganya kuhusu gesi, kuhusu mume, na mwishowe kuhusu kikohozi.

Nne: "Anayeacha dawa ni hatari, ashikwe"

Hili ndilo dai lao zito, na mwenye akili halikwepi. TB haina heshima kwa korido. Mgonjwa anayeacha dawa katikati ya miezi sita anaweza kuwaambukiza wenziwe, na ugonjwa wake ukawa sugu kwa dawa. Basi mhudumu akimtangaza, akimletea chifu, akimtisha, si anaokoa ploti nzima?

Kenya imeshaifanyia dawa hiyo majaribio. Mwaka 2010 wagonjwa wa TB huko Kapsabet walipelekwa mahakamani kwa kuacha matibabu, na hakimu akaamuru wafungwe gerezani miezi minane chini ya Sheria ya Afya ya Umma. Gerezani! Ili mtu asieneze ugonjwa unaosafiri kwa hewa, serikali ilimpeleka mahali ambapo watu wanapumuliana usoni usiku kucha. Kesi ilichukua miaka. Tarehe 24 Machi 2016, siku ya TB duniani, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kwa ajili ya matibabu kulivunja Katiba.

Tuulize basi kwa nini mtu wa Mukuru anaacha dawa. Waulize wauguzi wa kliniki za TB za huku. Anaacha kwa sababu dawa kwenye tumbo tupu zinamtapisha. Kwa sababu kazi ya mjengo inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kliniki inafunguliwa saa mbili. Kwa sababu nyumba zilibomolewa akahamia kwa dada yake Njiru bila kadi yake. Kwa sababu amepata nafuu na hakuna aliyemweleza vizuri kwamba nafuu si kupona. Katika sababu hizi ni ipi inayotibika kwa kutajwa mbele ya chifu?

Aliyefedheheshwa mara moja hufanya jambo moja la akili: mara ya pili hapatikani. Anabadilisha laini, anahamia mtaa mwingine na kikohozi chake, na ploti mpya haina habari. Kisha kwenye taarifa ya mwezi anaandikwa "ametoweka", kana kwamba alipeperushwa na upepo.

Tano: "Bili ni bili"

Ufuatiliaji wa mgonjwa hauishii kwenye vidonge. Unafika mpaka kwenye dirisha la malipo, na hapo roho nzuri yetu hugeuka ghafla kuwa mhasibu.

Pumwani Maternity iko huku huku Eastlands, na wengi wetu tulizaliwa humo au tumepeleka mtu humo. Wanawake wawili waliojifungulia pale walizuiliwa kwa kukosa pesa za kulipa, wakakaa wadini kama mateka na watoto wao wachanga. Walikwenda mahakamani, na Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi huyo huyo aliamua kwamba kuwazuilia kulikuwa kinyume cha Katiba. Aliamuru walipwe fidia, akataka pia kuwe na utaratibu ulio wazi wa kumsamehe bili asiye na uwezo.

Jibu la mtaani tangu siku hiyo limekuwa: hospitali nayo itajiendeshaje? Swali halali, ila anaulizwa mtu asiyehusika. Aulizwe anayepanga bajeti. Anayeulizwa ni mama aliyetoka kushonwa, aliyekalia ukingo wa kitanda na mzigo wake umeshafungwa, akimtazama muuguzi ambaye hakupanga bajeti yoyote na ambaye zamu yake ilikwisha saa nzima iliyopita.

Msamaha wa bili upo. Upitie mlango wake uone. Afisa wa ustawi wa jamii hospitalini ndiye wa kuamua kama wewe ni maskini wa kutosha. Anatazama viatu. Anatazama simu, na ole wako kama ulinunuliwa simu nzuri na mwanao. Anataka barua ya chifu. Kwa chifu kuna benchi, kwenye benchi kuna watu kumi, na karani anauliza kutoka mezani kwake: mgonjwa anaumwa nini? Unasema. Karani hakusikia. Unasema tena. Kutoka hapo unampigia mhudumu wako wa afya athibitishe kwamba anakujua, naye anathibitisha akiwa ndani ya matatu, kwa sauti ya kushindana na muziki.

Milango hiyo ikifungwa yote, tunafungua ule tunaojivunia kuliko yote: mchango. Kundi la WhatsApp linaundwa kabla ya saa sita. Picha ya mgonjwa inawekwa, mdomo wazi, bomba la oksijeni puani, shuka ikionyesha zaidi ya ilivyopaswa. Chini yake kuna nambari ya kutumia pesa, jina la ugonjwa, jina la hospitali na nambari ya wadi. Kundini kuna mwajiri, landilodi, mume wa zamani, na watu watatu ambao hakuna anayejua waliongezwa na nani. Mgonjwa hakuulizwa, alikuwa amelala. Akipona, na Mungu akijalia atapona, picha ile itabaki kwenye simu mia mbili. Siku akionekana na viatu vipya, kuna atakayesema: hata hizo ni pesa zetu.

Sisemi tusichange. Nasema tuache kuuita mchango ushahidi kwamba hatuhitaji kanuni. Mchango ni bei ya kukosekana kwa bima inayolipa, na sehemu ya bei hiyo hulipwa kwa uchi wa mgonjwa. Watu wenye bima nzuri hawajawahi kuwekwa kundini wakiwa na bomba puani. Je, tuseme majirani zao hawawapendi?

Sita: "Basi tuwafundishe maadili"

Mjadala ukifika hapa, wenzetu hukubali nusu. Sawa, wanasema, kuna makosa madogo madogo, tuandae semina. Semina huandaliwa katika ukumbi wa kanisa, chai ya saa nne, mada "Maadili na Usiri", kipindi cha maswali, picha ya pamoja, cheti. Mhudumu anarudi kwenye nyumba zake 100 akiwa na cheti na deni lile lile, simu ile ile, korido ile ile, na aproni ile ile inayomtangaza kabla hajabisha.

Daktari akivunja siri yako unaweza kumpeleka kwenye baraza lao, KMPDC. Wauguzi wana baraza, maofisa wa kliniki wana baraza. Anayejua mengi kukuhusu kuliko wote hao, aliyehesabu sufuria zako, hana baraza la kumsajili wala la kumfuta. Lalamiko lako litapita kwa msimamizi wake, na kabla ya jioni litakuwa limerudi kwenye korido. Atakayelalamika chini ya utaratibu huo ni mtu aliyekwisha kupanga kuhama.

Udhaifu wa maadili yanayokaa moyoni mwa mtu mmoja ulionekana wazi Januari 2025, Rais Donald Trump aliposimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje. Kliniki za Ukimwi za Nairobi zilitegemea fedha hizo kwa miaka mingi, na zilikuwa zimeajiri watu kwa kazi hii hasa: kumshika mgonjwa mpya mkono, kumpigia simu, kumkumbusha, kumtafuta akikosa kliniki. Baadhi yao wenyewe waliishi na virusi na waliijua njia. Kwa ghafla wengi wakaambiwa wasirudi kazini. Dawa zilitafutiwa mpango. Wagonjwa wakaelekezwa wajiunge na foleni ya kawaida. Lakini nambari za simu za wagonjwa zilikuwa kwenye simu binafsi za watu hao, anwani zilikuwa kwenye madaftari yao, na habari za nani asipigiwe mumewe akiwepo zilikuwa vichwani mwao. Walikuwa na roho nzuri, tena baadhi yao waliendelea kupiga simu kwa salio lao wenyewe. Yote waliyoyajua yalitoka nao langoni, kwa sababu tulikuwa tumeridhika kwamba mradi yuko mtu mwema, mengine yatajipa.

Najua litakalofuata: kanuni ni gharama, kaunti haina pesa. Nyingi hazina gharama. Kumuuliza mgonjwa, siku ya kwanza kabisa, anataka kuonwa wapi na kuitwaje, ni bure. Kuvua aproni kwenye lango la ploti ya anayeomba hivyo ni bure. Kumruhusu mgonjwa achague mhudumu asiye wa ploti yake hakuhitaji mfadhili. Kukataza kwa maandishi malipo ya kemisti na kliniki, na kubandika katazo hilo kwenye ukuta wa kemisti na kliniki zenyewe, kunahitaji karatasi na gundi. Simu ya kazi irudishwe kazini mtu anapoacha kazi. Nambari ya malalamiko ipokewe na mtu asiyeishi mtaani humo. Kinachogharimu kweli ni shilingi 5,000 kuwa mshahara wa kuishi na kufika kwa tarehe inayojulikana, na gharama hiyo tayari inalipwa. Inalipwa na mjamzito aliyepelekwa kliniki isiyo na chumba cha upasuaji.

Kaunti ya Nairobi huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti kila mwaka. Watu wa Eastlands huenda kuomba barabara, taa na mabomba. Mwaka huu mmoja wao asimame aulize fungu la wahudumu wa afya ya jamii ni kiasi gani, linalipwa tarehe ngapi, na madaftari ya wale waliokwisha kuacha kazi yako nyumbani kwa nani.